Kupima Mashogi

Masereka ametandaza jozi tatu za mifuko
kando ya cherehani yake, sokoni Kasese,
na kabla sijagusa hata mmoja ameshauliza:
"Mama Biira, utakwenda kuuza nini?"

Siuzi.

"Basi unampelekea nani?"

Simpelekei mtu.
Mguu wake umeganda juu ya pedali.
Cherehani nayo imenyamaza, inasikiliza.

Miaka thelathini na miwili nimezalisha
katika kituo kile cha juu, barabara inapochoka.
Wote niliowapokea walipita, wakashuka bondeni,
wengine wananitumia salamu kutoka miji nisiyoijua.
Sasa nina kiinua mgongo na baiskeli,
na magoti yanayolalamika asubuhi tu.
Nataka kwenda Kabale polepole,
nilale pale nitakapochokea.
Nataka pa kutia koti, sufuria na blanketi.
Punda ana shogi. Kwa nini mimi nisiwe nalo?

Jozi ya kwanza imetoka Kampala,
nyeusi, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi.
Zipu inateleza. Kulabu ni za plastiki.
Niliwahi kuiamini plastiki:
ndoo ya maji moto, ngazi ya tatu. Yaishe.

Jozi ya pili ni vikapu vya matete,
vimesukwa mpaka unaona aibu kuvitia sufuria.
Lakini kikapu hakiwezi kunyamaza juu ya ndizi,
na nyani wa Katunguru wana pua,
wana mikono, hawana haraka.

Ya tatu imekatwa katika turubai la lori la saruji.
Ubavuni imebaki nusu ya neno,
HIM, halafu mshono.
Mdomo unakunjwa mara tatu na kubanwa
kwa mkanda wa mpira wa tairi.
"Ikipasuka?"
"Sindano ya magunia, mama. Popote."
"Mvua?"
Anainua birika, anamimina chai yake yote juu.
Chai inatafuta njia, inaikosa, inadondokea viatu vyangu.

Tunazifunga kwenye keria. Napanda, nazunguka soko.
Kisigino, gu. Kisigino, gu.
Wauza nyanya wanahesabu pamoja nami.
"Zirudishe nyuma vidole vinne," namwambia.
Anatafuta futi. Namzuia:
vidole nimevipimia mambo mazito kuliko haya.
Anatoboa, anapiga ribiti.
Nazunguka tena. Kimya.
Wauza nyanya wamevunjika moyo.

Usiku natoa ile mizani ya kuning'iniza,
zawadi ya kuagwa, yenye ndoano na uso wa saa,
iliyowapima wachanga wa parokia nzima.
Naitundika kwenye boriti ya jiko.
Shogi la kulia: kilo saba na robo.
La kushoto: saba kasoro.
Nahamisha sabuni. Sasa la kushoto linazidi.
Nahamisha chumvi, nairudisha, natoa kitabu,
nakaa juu ya kigoda na kuyatazama.
Kwetu pacha wa kwanza ni Nguru, anayemfuata Ndobya,
na katika miaka yote ile, jozi zote zile,
sikupata waliolingana hata mara moja.
Mmoja hutangulia kunyonya, mwenzake hutangulia kucheka.
Wakabebwa hivyo hivyo, mmoja mgongoni, mmoja kifuani,
wakafika nyumbani.

Nayaacha.

Kulipopambazuka Masereka alikuwa ameshafungua.
Hakuuliza tena habari ya kuuza.
Aliinama, akabonyeza shogi la kushoto kwa kidole
kama mtu anayejaribu parachichi,
akavuta mkanda tundu moja.
"Ukirudi," akasema,
"nitataka kuuona mshono wa chini.
Pale sikuwa na hakika."